Mama Rudia wa Dirisha la Pili

Simu ililia nikiwa mtu wa nne kwenye foleni ya duka la dawa. Ilikuwa Alhamisi, saa saba na dakika kumi mchana. Nakumbuka hata dakika kwa sababu nilikuwa nimetoka kazini kwa ruhusa ya nusu saa, na macho yangu hayakubanduka kwenye saa ya ukutani. Aliyepiga alikuwa shemeji, mume wa dada yangu.

"Uko wapi?" akauliza.

"Niko dukani, nachukua dawa za dada. Leo wamesema zipo. Mwambie nakuja."

Nikamsikia anavuta pumzi kama mtu anayejitwisha mzigo.

"Njoo tu nyumbani, shemeji. Dawa hazina kazi tena."

Sikutoka kwenye foleni. Mungu anisamehe, nilibaki nimesimama palepale, kwa sababu miguu haikujua pa kwenda, na waliokuwa nyuma yangu wakanisukuma polepole mpaka dirishani. Msichana wa dirishani alichukua cheti cha daktari bila kuniangalia, akasukuma bahasha mbili kupitia tundu la kioo, akaita, "Mwingine!" Nikatoka nje nimeshika dawa za marehemu.

Kwenye dirisha lile, la pili kutoka mlangoni, dada yangu aliketi miaka kumi na tisa.

Wateja hawakumjua kwa jina lake. Walimwita Mama Rudia, na hakulichukia jina hilo. Utaratibu wake ulikuwa huu: akikupa dawa, hakukuachia. Wewe unashika bahasha upande wako wa kioo, yeye bado anaishika upande wake, anakwambia namna ya kuitumia, kisha anasema, "Rudia." Usiporudia, haachi. Ukikosea, anaanza upya, kwa sauti ileile, kama hakuna watu thelathini nyuma yako wanaopiga miayo na kuangalia saa. Kwa wasiojua kusoma alichora kwa kalamu juu ya bahasha: jua linalochomoza, jua la utosini, mwezi. Jua lake lilikuwa na macho na mdomo, na mtu mzima na ndevu zake alitoka pale anatabasamu na bahasha yake kama mtoto aliyepewa zawadi.

Lakini foleni yake! Watu walifanya utani wao. "Kwa Mama Rudia ukienda na mafua, unafika dirishani umeshapona." Mwingine akasema ukimwomba dawa ya kichwa atakuuliza kwanza kichwa chenyewe ni cha nani. Wengine hawakutania, waliguna na kusonya. Nilikuwa nasikia hayo yote mtaani na nilicheka nao.

Nilikuwa nacheka huku najua. Hiyo ndiyo sehemu inayonila.

Dada alinizidi miaka tisa. Mama yetu alikuwa mtu wa kuugua, kwa hiyo aliyenifunga vifungo vya sare na kunisikiliza nikisoma ni yeye. Nilipokuwa kidato cha pili ndipo alipopata kazi ile, na siku moja katika mwaka wake wa kwanza alirudi nyumbani hakula. Nilimuuliza mara tatu ndipo akaniambia. Alikuwa amempa fundi seremala mmoja, mzee, dawa ya matone ya masikio. Foleni ilikuwa inapiga kelele, naye akampa harakaharaka bila kusema neno. Mzee alitia matone yale jichoni. Siku ya tatu alirudi dukani amefunika jicho kwa kitambaa, hana hata hasira. Alimuuliza tu, "Binti yangu, hivi ulisema ni ya wapi?"

"Na mimi sikuwa nimesema," dada akaniambia. "Ningekuwa nimesema na yeye akasahau, ningelala. Lakini sikusema."

Tangu hapo akawa Mama Rudia. Katika familia nzima, mimi ndiye niliyeambiwa sababu.

Sasa niseme nilichofanya.

Miaka miwili iliyopita binti yangu alipata homa kali. Mimi hufua mashuka hotelini, na msimamizi wetu huhesabu dakika za mtu kama anazitoa mfukoni mwake. Nilimwacha mtoto kwa jirani, nikakimbia dukani, nikaenda moja kwa moja mbele ya dirisha la pili. Dada akanitazama, akanitazama tena, akasema kwa upole, "Mdogo wangu, foleni inaanzia kule."

"Dada, mtoto anaungua."

"Na huyu mama wa mbele, wake anatapika. Nenda nyuma, nitakufikia."

Nilisimama dakika arobaini. Zamu yangu ilipofika nilishika chupa ya dawa, nikavuta. Haikuja. Alikuwa ameishika.

"Kipimo kimoja, mara tatu kwa siku, siku tano, hata homa ikipoa siku ya pili. Rudia."

"Dada, ni mimi."

"Najua ni wewe. Rudia."

Mwanamume mmoja nyuma yangu akasema, "Mama, mpe ndugu yako aende! Au anafanya mtihani wa kidato cha nne?" Watu wakacheka.

"Kijiko kimoja mara tatu, siku tano," nikasema huku nauma meno.

"Kijiko gani?"

"Kijiko, dada! Kijiko ni kijiko!"

"Cha jikoni, au kile kidogo kilichomo ndani ya boksi?"

Wakacheka tena, na yule mwanamume akasema, "Mama, huyo umfelishe tu, arudie darasa." Uso ulinichoma. Nilijibu, nikapewa chupa, nikageuka. Karibu na mlango kulikuwa na sanduku la maoni, lenye kufuli dogo, karatasi juu yake na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nilisimama pale, mimi niliyekuwa sina hata dakika moja, nikaandika: *Mhudumu wa dirisha la pili anachelewesha watu na kuwaaibisha kwa maswali. Wagonjwa wanataka dawa, hawataki shule. Mbadilisheni.* Sikuweka jina. Nikatumbukiza.

Mtoto alipona. Nilitumia kile kijiko kidogo, siku tano kamili.

Karatasi yangu haikuwa peke yake, na kwa muda mrefu nilijifariji kwa hilo. Mwisho wa mwezi mwenye duka alifungua sanduku, akakuta malalamiko sita juu ya dirisha la pili. Dada aliniambia mwenyewe, nyumbani kwake, tukikunja nguo.

"Wamenipeleka stoo," akasema. "Nitakuwa nahesabu maboksi. Wateja wamesema nawachelewesha."

"Pole, dada," nikasema.

Nilisema pole, mimi yuleyule niliyeandika. Nilikunja shati moja mara mbili, nikalikunjua, nikalikunja tena.

"Labda wana haki yao," akasema. "Mtu mgonjwa hana subira. Ila yule bibi wa miguu, nani atamsikiliza akirudia?"

Bibi wa miguu alikuwa ajuza aliyekuja kila mwezi, miguu imevimba, hasomi, haoni vizuri. Dada alimchorea jua na mwezi tangu zamani. Baada ya kuhamishwa, kila bibi yule alipokuja, dada alitoka stoo kwa mlango wa nyuma, wakakaa kwenye ngazi za saruji, bibi akirudia na dada akitikisa kichwa. Mwenye duka aliwaona na kujifanya hakuona. Lakini siku nyingine zote dada alikuwa ndani na maboksi yake. Aliyekuwa mtu wa maneno akawa anajibu "ndiyo" na "hapana." Jumapili tulikaa naye kanisani benchi moja, na kila Jumapili nilijiambia: leo, tukitoka tu nje. Tukitoka nje tunasalimia watu, tunaulizana habari za watoto, na leo inapita.

Miaka miwili inaisha hivyo.

Mwezi uliopita presha ilimzidi, daktari akamwambia apumzike nyumbani. Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri juu ya mtu anayekwenda mbele za Mungu na sadaka yake huku ana neno na ndugu yake. Sikusikia mahubiri mengine yaliyofuata. Nilimuahidi Mungu palepale, nikiwa nimefumba macho, kwamba wiki hiyo haitaisha sijamwambia. Na kwa kuwa shemeji ni fundi redio na alikuwa na kazi nyingi, nikasema dawa zake nitamchukulia mimi. Niliona aibu kwenda kuomba msamaha mikono mitupu. Nitafika na dawa, nimpe maji anywe, kisha nimwambie.

Jumanne nilikwenda. Msichana wa dirisha la pili alisema cheti kimekunjamana, hakisomeki, nirudi na kingine. Sikubisha, nikakimbilia kwa daktari. Jumatano nikaja na cheti kipya.

"Mtandao hauko," akasema.

"Utarudi lini?"

"Mama, mimi si mtandao. Mwingine!"

Siku hizo mbili nilipita umbali wa nyumba sita tu kutoka kwa dada, na sikuingia. Nilisema nitaingia nikiwa na dawa. Alhamisi nikapata dawa, kama nilivyoeleza. Huduma niliyoiomba kwa maandishi nilipewa: ya haraka, hakuna anayekuuliza neno, hakuna anayekushikilia. Daktari alituambia kwamba kiharusi kile kingemchukua hata kama vidonge vingefika Jumanne. Namwamini. Lakini maneno yangu yangeweza kufika Jumanne, nayo hayakuhitaji cheti wala mtandao.

Nilifika nyumbani nikamkuta amefunikwa shuka. Niliziweka bahasha mbili mezani kando ya miwani yake. Hazikuwa na mchoro wowote.

Ijumaa jioni, waombolezaji walipopungua, nilimfuata shemeji uani alipokuwa anapanga viti. Nilimwambia yote: foleni, kijiko, karatasi. Aliendelea kupanga viti mpaka nikamaliza.

"Alijua?" nikamuuliza. "Aliwahi kunishuku mimi?"

"Hakuwahi kumtaja mtu."

"Nisamehe, shemeji."

Akakaa kwenye kiti kimojawapo. Alikuwa amechoka, macho mekundu.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Sina nguvu ya kubeba na hilo. Lakini hayo ulitakiwa umwambie yeye."

Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Sikumngojea aniambie.

Tulimuaga Jumamosi. Watu walikuja wengi kuliko tulivyotegemea, na wengi hatukuwajua. Ni watu wa foleni. Niliwatambua kwa namna walivyosimama, mmoja nyuma ya mwingine kutoka lango la kanisa mpaka kwenye jeneza, wanasogea hatua moja na kusimama. Yule mwanamume wa mtihani wa kidato cha nne alikuwepo, kofia mkononi. Mwenye duka alikuwepo. Msichana wa dirisha la pili alikuja na sare yake ya kazi, analia kuliko sisi. Baadaye nilisikia kwamba dada ndiye aliyekuwa akimfundisha dawa, stoo, wakati wa chakula cha mchana.

Mbele yangu alikuwa bibi wa miguu. Alifika kwenye jeneza, akalishika ukingoni kwa mkono mmoja, akainama karibu na uso wa dada kwa sababu haoni vizuri. Kwa mkono mwingine akatoa bahasha kuukuu mfukoni.

"Hivi vyeupe," akasema, "kimoja, jua likichomoza, nikishakula. Hiki cha njano kimoja, mwezi ukitoka. Nisiruke siku." Akangoja kidogo. "Nimekosea, binti yangu?"

Kanisa lilikuwa limejaa. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemsukuma. Bibi alisimama pale muda aliotaka, kisha akarudisha bahasha mfukoni na kupita.

Ikawa zamu yangu. Niliinama, nikamwambia kwamba ile karatasi niliandika mimi. Sauti haikutoka vizuri, nikarudia. Nikamwambia kijiko ni kile kidogo cha ndani ya boksi. Kisha nikapita, maana nyuma yangu palikuwa na watu.

Jeneza lilifungwa saa nane na robo. Wanaume wanane walilibeba mpaka makaburini, na sisi tukafuata kwa miguu tukiimba. Mchungaji aliomba. Shemeji alitupa udongo wa kwanza, watoto wake wakafuata, kisha mimi. Wanaume wakachukua makoleo, wakafukia mpaka likawa tuta. Tukaweka maua, tukasema amina, tukarudi nyumbani.