Bushi za Gia na Mkono wa Mkwe

Gari aliloniachia marehemu mume wangu ni la Kiingereza, dogo, la zamani, viti viwili na halina paa. Alilinunua alipostaafu polisi, akanifundisha kumshikia spana hapa uani kwetu, mtaa wa Kisugu. Mwaka huu mkono wa gia ulianza kucheza kama jino la mtoto. Unatafuta ya pili, unapata ya nne. Na mjukuu wangu alitaka kwenda nalo kanisani siku ya harusi yake.

Akaja mume wa binti yangu, fundi, Mluhya wa Kenya. Jina lake nalijua, na la baba yake, na la babu yake, lakini jina la mkwe halitamkwi. Sisi Waganda mwiko huo tunauita buko, na kwao upo vilevile: mama mkwe na mkwe hawali pamoja, hawagusani kabisa. Basi mimi nilikaa jikoni, tukasemezana kwa dirisha.

"Mama, bushi zimeliwa zote. Zimebaki unga."

"Haya, baba, weka mpya."

Bushi mpya, vile vipete vya plastiki, zilikubali kuingia. Shida ikawa springi inayozibana. Akiikandamiza, klipu ya kuizuia inaruka. Akishika klipu, springi inapanda. Binti yangu alikuwa sokoni. Nikamsikia mkwe akilitukana gari kwa Kiluhya, kisha akakohoa, kakumbuka nipo.

Nikatoka. Nikajifunika leso mpaka kidevuni, nikaketi kiti cha abiria, uso nimeugeuzia ukuta, nikaukandamiza ule mkono wa gia ili springi ishuke, yeye atie klipu. Jirani akachungulia juu ya ukuta, akaniita bibi kwa Kiganda.

"Jajja! Mkwe anakutorosha wapi?"

"Kwa mama yako! Toka hapo!"

Nikawa nacheka, springi ikaniponyoka, na kidole cha mkwe kilikuwa chini yake. Sikufikiri. Nilimkamata mkono nikauvuta.

"Toa, we mzee, utakatika kidole!"

We mzee. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimwita mume wangu. Na ule mkono ulikuwa na grisi, wa moto, kiganja kigumu. Sikuuachia mara moja. Yeye hakuuvuta, alitazama sakafu ya gari, akasema polepole, "Mama." Ndipo nikauachia.

Wazee wetu walisema anayevunja buko hutetemeka mikono mpaka kufa. Yangu ilitulia tuli, na hilo lilinitia aibu zaidi.

Ilibidi tumalize, maana springi haimwonei mtu haya. Nikakandamiza tena, klipu ikakaa. Akajaribu gia zote, kila moja ikaingia mahali pake. Nilitakiwa kusema asante. Nilikwenda kunawa.

Binti yangu aliporudi nilimwambia ampelekee mumewe chai mwenyewe. Akanitazama kifundo cha mkono, ambapo sabuni haikufika.

"Mama, hiyo grisi umeipata wapi?"

"Nimegusa gari," nikasema. Kweli, gari nalo nililigusa.