Jina kwenye chupa ya bafa

Leo nimesahihishwa kazini na mama anayetuoshea vyombo vya maabara.

Nilikuwa natengeneza bafa, yale maji tunayotumia kutenganisha protini za plazma ya damu. Nina haraka zangu, asidi nimeshatia, kipimo cha pH kinasoma sawasawa.

Mama huyo, Mama Divine, Mrundi anayeishi hapa mjini mtaa wa Rosettenville, akasema nyuma yangu:

"Mwanangu, hiyo ingali moto. Ikipoa, pH itapanda."

Eish! Mtu wa kuosha chupa, pH umeijulia wapi? Sikutamka, lakini uso wangu ulitamka.

Nikaitia chupa kwenye barafu ili nimuumbue.

pH ikapanda, naiona kwa macho yangu.

Ndipo nikamuuliza. Kumbe Bujumbura alikuwa fundi wa maabara. Vyeti vyake hapa havikukubaliwa.

Nikampisha. Akairekebisha mwenyewe, tone kwa tone, mkono umetulia kuliko wangu.

Sasa, maabara yetu ina desturi: aliyetengeneza bafa ndiye anayeandika jina lake kwenye chupa. Nikampa kalamu.

Akaandika jina langu, akarudi kwenye sinki.

Jamani, niambieni ukweli. Nyie mngefuta jina langu, mkaandika lake?