Makapi Nyuma ya Tangi

Mama alipokuja kukaa nasi Kitengela baada ya kumzika baba, nilitaka abaki kabisa. Yeye alisema anajaribu tu. Akichoka nasi atapanda basi arudi magharibi.

Kitu kilichomfurahisha huku ni miwa. Mkokoteni ulipita kila alasiri, naye hakukosa mfuko wake. Lakini hakula mbele ya watu. Alijibanza nyuma ya tangi la maji, akatafuna upesi upesi huku ameipa barabara mgongo, kisha akachimba shimo kwa kisu na kuyafukia makapi. Nilimwambia pipa lipo. Akasema pipa lina mdomo.

Majirani waliona. Ploti yetu ya nyumba za kupanga ina watu wa kila pembe ya nchi, wasioafikiana hata kuhusu zamu ya kuanika nguo, ila hapo waliafikiana mara moja: huyo mama mzee anafukia uchawi. Jumamosi moja keateka, mwangalizi wa ploti, akaja na jembe, nusu ya ploti ikimfuata. Nilikasirika. Mama akiaibishwa hapo, kesho yake angefunga mzigo.

Keateka akachimba. Makapi. Akachimba pembeni. Makapi tena. Jirani aliyekuja na Biblia akaitia kwapani kimyakimya.

Ndipo mama akaeleza. Alizaliwa kwenye kambi ya vibarua, katika shamba la miwa la mzungu, enzi za ukoloni. Baba yake alikata miwa hiyo kutwa, lakini kuila kulihesabiwa wizi. Nyapara alipita kambini akikagua vumbi. Akiona makapi mlangoni, mwenye nyumba alikula viboko. Watoto walijua kufukia kabla ya kujua kusoma.

"Mzungu alienda," alisema, "lakini hii mikono hakuna mtu aliiambia."

Watu walicheka, na mama akacheka nao, nami nikapumua. Keateka, ambaye ni Mmaasai, alitoka akarudi na muwa mzima, akauvunja kwa goti.

"Yeyo, mama, twende tukae kwa gate."

Wakakalia mitungi wakiitazama barabara. Mama alitafuna, akasita, mdomo umejaa. Bodaboda zilipita, watu wakamsalimia. Kisha akatema, palepale njiani, akayatazama makapi yake meupe juani. Nilienda kuchukua ufagio.

"Wacha," akaniambia. "Kesho nitaongeza."