Mama Hodi na Vichwa Visivyotaka Chanuo

Saa tatu kasorobo asubuhi, Jumamosi, na Mama Hodi yuko chini. Hajaanguka. Amepiga magoti juu ya kipande cha godoro nyuma kabisa ya saluni, kati ya sinki na pipa la maji ya moto. Mkononi ana chanuo la meno mapana, na mbele yake, juu ya stuli, ameketi mteja wa miaka mitatu ambaye miguu yake haifiki sakafuni.

"Hodi hapa sikioni?" anauliza.

Mteja anafikiri. Anatafuna biskuti yake mpaka iishe. "Karibu," anasema.

Ndipo chanuo linapoingia. Likifika kisogoni linasimama, na hodi inapigwa upya. Hivyo ndivyo mwanamke huyu wa miaka hamsini na mmoja alivyopata jina, na ndivyo anavyotumia saa moja na nusu kwa kazi ambayo wenzake huimaliza kwa dakika ishirini na makelele.

"Nyumbani kwa mtu huingii bila hodi," anasema. "Sasa kichwani mwake ndiyo utajiingilia tu kama mwizi?"

Husuka watoto wa chini ya miaka mitano pekee, vichwa vitano au sita kwa siku. Bei ni nusu ya mtu mzima, muda ni zaidi ya mara nne ya wenzake. Ukimwambia kuwa biashara hiyo haina kichwa wala miguu, anakubaliana nawe kabisa, kisha anaendelea kulowanisha nywele.

Nywele zenyewe ni laini na nyembamba mno. Zikikauka zinashikana, zikivutwa zinakatika. Yeye huzinyunyizia maji ya uvuguvugu, akapaka mafuta ya nazi kidogo, akaanza kuchana kwenye ncha huku vidole vya mkono wa pili vikishika karibu na mzizi ili ngozi isisikie kitu. Vibendi vya mpira hataki hata kuviona. Hufungia vitambaa vya pamba alivyokata kutoka kwenye shuka kuukuu. Na zile nywele ndogo za kwenye paji la uso, ambazo kwa Kiswahili huitwa malaika, haziguswi.

"Jina lenyewe linakwambia," anasema. "Malaika anavutwa?"

Mtindo wa twende kilioni, ile mistari michache mikubwa ya haraka haraka, hamsuki mtoto hata umpe nini. "Twende wapi, na mwenyewe ameshafika?"

Hakuzaliwa na subira hiyo. Kwa miaka kumi na minane alisuka watu wazima, tena alisifiwa kwa mkono wake mkali, maana msuko wake ulikaa miezi miwili bila kulegea. Siku moja akaletewa mtoto wa miaka miwili, akamsuka vilevile anavyomsuka mama yake. Kesho yake baba mtu akaja amembeba.

"Hakunigombeza," anakumbuka. "Aliniuliza tu kwa upole, 'Dada, huyu atafumba macho lini?' Nikamtazama mtoto. Nyusi zimepanda juu, macho yamemtoka, utasema kapewa habari mbaya. Nilimfumua palepale huku nalia kuliko yeye."

Tangu siku hiyo aliwaacha wakubwa. Tatizo ni kwamba saluni si yake. Ni ya mwanamke wa miaka sitini na tatu ambaye kila mtu humwita Madam, na ina viti saba vya wateja wanaokuja kupumzisha vichwa vyao, si kuumwa navyo. Wapo watoto wanaoangua kilio hata kabla ya hodi, kwa kuliona chanuo tu. Wiki mbili zilizopita mmoja alilia mpaka mteja wa kiti cha tatu akaondoka na rola kichwani. Madam akatoa hukumu: Jumamosi hii kikisikika kilio kimoja, Jumatatu kona hiyo inakuwa ya kupaka rangi za kucha.

"Kucha hazilii," alisema.

Mama Hodi hana pa kwenda. Kusukia nyumbani hawezi: anapanga chumba kimoja, na maji huyafuata mtaa wa pili. "Nikitolewa hapa narudi kusuka wakubwa, na vidole vyangu vimeshasahau ule ukali," anasema. "Naogopa, nisikufiche."

Saa tano Madam mwenyewe anakuja na mtihani. Ni mjukuu wake, binti wa miaka miwili na nusu ambaye ukoo mzima humwita Honi, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Ameletwa na mama yake, mke wa mtoto wa kiume wa Madam. Madam anasimama nyuma yao, amekunja mikono. Viti vyote saba vinageuka.

"Hodi?" anasema Mama Hodi.

Honi anamwangalia, analiangalia chanuo. Kisha, kwa sauti iliyompatia jina, anajibu, "Mama hayupo."

Saluni inacheka. Mama yake, aliyekaa hatua moja kutoka hapo, hacheki.

"Hayupo? Amekwenda wapi?" Mama Hodi anauliza, maana mtoto akianza mchezo, kazi yake ni kuufuata.

"Yuko jikoni. Kanyamaza."

"Kwani nani kabisha hodi?"

"Bibi."

Mtu anazima mashine ya kukaushia nywele.

"Jumapili tatu," anasema Madam taratibu. "Jumapili tatu nimesimama mlangoni kwenu na mfuko wa machungwa, mtoto ananiambia mama hayupo. Mimi nikajua mwenzangu unapenda matembezi."

Mkwewe amebadilika rangi. Mkono wake unanyooka kwenda kwenye paja la Honi, vidole viwili viko tayari kufinya. Mama Hodi anauona mkono ule, na anaiona kona yake ikigeuka ya kucha. Anaudaka hewani.

"Dada, nifinye mimi," ananong'ona.

Kisha anamrudia mteja. "Haya, mama hayupo. Nywele je, zipo?"

Honi anajipapasa kichwani kuhakikisha. "Zipo."

"Naweza kuingia?"

"Vua viatu."

Mama Hodi anavua kandambili zake, anazipanga vizuri kando ya sinki, na kazi inaanza.

Juu ya kichwa hicho kidogo, wakubwa wanaendelea. "Mama, nisamehe," anasema mkwe. "Ila kila ukija unanipangia jikoni upya. Chumvi naitafuta wiki nzima. Mara ya mwisho nimeikuta kwenye kabati la vyombo vya wageni."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Najua, mama. Ndiyo maana nikashindwa kukwambia."

Madam anafungua kinywa kujibu, na badala ya jibu kinatoka kilio. Si machozi ya kufuta kwa ncha ya kidole. Ni kilio cha kwikwi, chenye sauti, na wote waliomo wanatambua Honi alirithi wapi. Wateja wanaangalia dari. Honi anageuka kuona ni nani anayepiga kelele kazini kwake.

"Nyumbani niko peke yangu," Madam anasema akipata pumzi. "Hiyo chumvi, mwanangu, kwangu hakuna hata wa kumpotezea."

Mkwe anahamia karibu yake, anamshika mkono. "Jumapili nitakuwepo," anasema. "Ila chumvi tuiache inapokaa."

Inapotimu saa sita na nusu, vifungu sita vya nywele vimekaa kichwani kwa Honi, kila kimoja na kitambaa chake, na Honi hajatoa hata chozi. Mama Hodi ananyanyuka, magoti yanalia, kisha anauliza kile ambacho saluni nzima inajiuliza.

"Madam, ulisema kilio kimoja. Hukusema cha nani. Nihame?"

Madam anapenga kamasi kwenye taulo la kazi. Anamwangalia mjukuu wake na vile vitambaa sita. Halafu anafanya jambo ambalo wafanyakazi wake hawajapata kuliona kwa miaka yote: anapeleka mkono kichwani na kuvua wigi.

Chini yake kuna mvi chache, laini, nyembamba. Pembeni, juu ya masikio, hakuna kitu; miaka thelathini ya misuko ya kubana imezing'oa moja moja.

"Hapa pananiuma mwaka wa sita huu," anasema. "Sijamwonyesha mtu." Anakaa kwenye stuli aliyoshuka Honi, na magoti yake yanamfika kidevuni.

Mama Hodi anazipima nywele zile kwa vidole kabla hajashika chupa ya maji. Jumatatu, anasema, hakuna kucha. Kutakuwa na stuli ya pili, ndefu kidogo, na Madam ameshakubali kuinunua.

"Nywele za mama huyu na za mjukuu wake ni zilezile," anaeleza, akichovya kidole kwenye mafuta. "Tofauti ni kwamba mtoto akiumia analia, mkubwa anajikaza. Watoto nimeshawajua. Nataka Jumatano iwe siku ya hawa wanaojikaza. Nadhani ni wengi kuliko watoto."