Sentimita Aliyelea Matumbawe Nchi Kavu

Jina la Sentimita alilipata kwa baba yake, fundi cherehani, ambaye kila akinyoosha mkono kuchukua tepu ya kupimia nguo alikuta haipo. Binti yake wa mwisho ameshaibeba, yuko uani anapima mkia wa paka. "Sentimita, rudisha tepu! Mteja kasimama hapa mikono juu kama mwizi!" Mtaa mzima ulisikia, na jina likamganda.

Watu walidhani atarithi cherehani. Lakini siku moja mwalimu wa baiolojia alipitisha darasani kipande cha tumbawe, kigumu, cheupe, chenye vitundu vidogo kama vya sindano. Akawaambia hilo si jiwe. Kila kitundu kilikuwa nyumba ya mnyama mdogo mno, na wanyama hao wakijenga pamoja kwa mamia ya miaka hufanya ukuta wa kuvunja mawimbi kabla hayajafika ufukweni.

Sentimita akainua mkono. "Kwa mwaka wanajenga sentimita ngapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Wengine moja, wengine kumi," alisema. "Wa hapa kwetu hakuna aliyewahi kuwapima."

Basi, jambo likaishia hapo kwa wengine wote isipokuwa yeye.

Aliingia chuo kikuu kusomea sayansi ya bahari bila kujua kuogelea. Mama yake alikuwa muuguzi, na kwa miaka mingi aliyoshika zamu alikuwa ameona waliozama wakiletwa hospitalini. Hakuna mtoto wake aliyeruhusiwa kuingia kwenye maji yanayopita magoti. "Unasomea bahari?" alisema. "Isome kitabuni, mwanangu. Kitabu hakizamishi mtu."

Akiwa na miaka ishirini na mbili, Sentimita alisimama kwenye kina kifupi cha bwawa la kuogelea pamoja na watoto wa darasa la pili. "Shangazi, usibane pumzi namna hiyo, utapasuka," kasichana kamoja kalimshauri. Alimeza maji wiki tatu. Wiki ya nne akaelea, na kabla hajamaliza chuo alikuwa anazamia na mtungi wa hewa mgongoni. Mama yake aliambiwa miezi sita baadaye, kwa simu.

Taasisi ya utafiti ilimpa nusu ya chumba. Nusu nyingine ilikuwa stoo ya karatasi na viti vilivyovunjika. Kwa miaka kumi na minne alizamia kwenye mwamba mmoja tu, akiwa na rula ya plastiki na kibao cha kuandikia chini ya maji. Alikuwa na matumbawe mia tatu, kila moja na namba yake. Wenzake waliokuwa na miradi mikubwa walimtania wakikutana kwenye ngazi: "Vipi Sentimita, watoto wamekua?" Naye aliwajibu kwa dhati, mpaka milimita.

Kisha ukaja mwaka wa joto. Kwa wiki tisa joto la maji lilipanda digrii mbili juu ya kawaida yake, na matumbawe yakaanza kupauka. Tumbawe likizidiwa na joto hutema vijimea vinavyoishi ndani yake na kulilisha. Joto lisiposhuka mapema, linakufa njaa. Alikwenda kila siku na kibao chake. Namba kwa namba, aliandika "hai" au "limekufa". Kulia ukiwa umevaa miwani ya kuzamia ni balaa, maana huna pa kujifutia. Joto liliposhuka, kati ya mia tatu yalikuwa yamebaki thelathini na tisa.

Ila thelathini na tisa hayo yalimtia wazimu wa aina nyingine. Yote yalikuwa upande mmoja, penye maji mafupi ambayo jua huyachemsha kila bahari inapokupwa. Yaani mahali penye joto kuliko pote! Yale matumbawe yalikuwa yamelizoea. Je, akiyakata vipande, akavilea, akavirudisha mwambani?

Kwa haraka hiyo akafanya kosa. Alikuwa na mafua, akazamia hivyo hivyo. Kufika chini, sikio la kushoto likapasuka kama puto, na dunia ikaanza kuzunguka.

"Mama, nisikufiche," daktari wa masikio alimwambia. "Kuzamia kumekwisha. Ukishuka tena, hata la kulia sikuhakikishii."

Alikuwa na miaka thelathini na minane. Alirudi kwa mama yake, akalala kwenye kochi la sebuleni karibu miezi miwili. Mama yake, aliyeombea miaka yote binti yake atoke baharini, sasa alimwona ametoka, na hakufurahi hata kidogo. Akampigia simu kaka mkubwa, fundi bomba, akasingizia sinki limeziba.

Kaka alifungua sinki, akalikuta zima. Akaelewa. Akaja kukaa kwenye ncha ya kochi na spana yake.

"Utalala hapa mpaka lini?"

"Kaka, kazi yangu iko majini."

"Kwani maji si kazi yangu? Wewe niambie unataka yaende wapi, mimi nitayapeleka."

Mkurugenzi wa taasisi aliwapa gereji ya zamani na mwaka mmoja, akisema, "Akili yangu inanikataza, lakini haya." Kaka alijenga matangi manane, akavuta bomba la maji ya bahari, akafunga pampu mbili, moja ikilala nyingine iamke. Wanafunzi wawili wa kike wa chuo walizamia kuleta vipande vidogo kama ukucha wa kidole gumba, na Sentimita akavigandisha kwa gundi kwenye vigae vidogo vya saruji.

Siku ya tano vyote vilikuwa vinatoka ute na kufa. Alipima chumvi, joto, kila kitu, mpaka akazifikia koki. Kaka alikuwa ameweka koki za shaba zinazong'aa, na shaba ni sumu kwa tumbawe.

"Nimeweka nzuri kuliko za nyumbani kwangu!" kaka alilalamika. Aliondoka bila kuaga. Kesho yake asubuhi, kabla taasisi haijafunguliwa, walinzi walimkuta mlangoni amekumbatia boksi la koki za plastiki.

Miaka miwili baadaye walirudisha mwambani vipande elfu moja na mia mbili. Mwaka wa tatu joto likaja tena. Sentimita hakuweza kushuka. Alikaa kwenye boti na kibao mapajani, akisubiri, mpaka mwanafunzi mmoja akaibuka na kutema mdomoni bomba la hewa.

"Mwalimu, ni ya kahawia!"

Kahawia ni rangi ya uhai. "Yote?"

"Si yote."

"Si yote ni ngapi?"

Walihesabu siku nne. Yalikuwa hai mia nane na sabini na moja. Safari hii alilia kwa raha zake, maana hakuwa na miwani ya kumzuia kujifuta.

Leo ana miaka hamsini na mmoja na matangi arobaini. Mtu akimsifu kuwa ameokoa mwamba, yeye humkatiza: bado hata nusu ya ulivyokuwa haijarudi. Lakini samaki wadogo wamerudi, na taasisi nyingine mbili zimeomba michoro ya matangi. Jina la kaka limo kwenye makala ya kisayansi, la pili baada ya lake, na nakala yake imebandikwa ukutani kwenye karakana ya kaka, juu ya bomba za choo.

"Umeniharibia mume, wifi," mke wa kaka alimwambia juzi. "Siku hizi hata sinki la jikoni likiziba hazibui, kwanza anachukua sampuli!"

Sentimita alicheka mpaka akashika meza. Kisha akauliza sampuli hizo amezipima kwa kifaa gani.