Maoni ya Dereva Kuhusu Mswada wa Sola

Kamati yetu ya kupigania umeme wa jua ilikuwa ikikutana ndani ya gari lililowashwa. Sioni haja ya kuficha. Tulikuwa madereva watatu wa wadi moja huko Kenya, tukisubiri watoto wa mabosi nje ya shule moja Riyadh, na joto la adhuhuri la pale halina mzaha. Ukizima injini, kiyoyozi kinakufa na wewe unaanza kuiva. Kwa hiyo tulijazana kwenye gari la kafili wangu, yaani bosi aliyenidhamini, lenye nafasi kuliko chumba nilichoanzia ndoa, tukakaa kwenye baridi tukiilaani dizeli ya kwetu.

Zahanati ya wadi yetu ilitegemea jenereta, na jenereta ilitegemea huruma ya Mungu. Dizeli ikiisha, mkunga anazalisha gizani. Sasa bunge la kaunti lilikuwa limeletewa mswada wa kuweka sola kwenye kila zahanati, na mwakilishi wadi wetu akaupinga kwa moyo wake wote. Alisema jua letu halina nguvu za kutosha. Jua letu! Kituo cha mafuta kilichoiuzia zahanati dizeli kilikuwa chake, lakini hilo hakulitaja, nadhani kwa unyenyekevu.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, mtoto wetu wa pili. Hospitali ya karibu zaidi haikuwa karibu hata kidogo. Wenzangu walifurahia siasa. Mimi nilikuwa naogopa.

Nikampigia mwakilishi. Akapokea vizuri, akacheka.

"Bro, huko Saudia kuna kituo cha kupigia kura?"

"Hakuna, mheshimiwa."

"Basi halas. Si ndivyo mnasema huko?"

Akakata simu. Alisema kweli, mshenzi yule. Kadi yangu ya kura ilikuwa sandukuni nyumbani, na hakuna aliyewahi kutuletea debe Riyadh.

Mkubwa wetu kwa umri, ambaye kwao ni shemasi na huku alikuwa shemasi asiye na kanisa, ndiye aliyepata wazo. "Si kuna kikao cha maoni ya wananchi? Rekodi sauti, mama watoto aicheze pale ukumbini."

Nikarekodi. Niligusia moshi, mapafu ya watoto wetu, na hewa safi ambayo Mungu alitupa bure. Nilipomaliza, wenzangu walinipigia makofi, na shemasi akasema amina. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kuzima injini kwanza.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mke wangu. Alisimama ukumbini, akaisogeza simu kwenye maikrofoni. Sauti yangu ikatoka, nzito kama ya mgombea, na nyuma yake ngurumo. Mwakilishi alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Mama, hiyo ngurumo ni ya nini?"

Mke wangu hajui kudanganya, na hilo limetuletea shida nyingi. "Ni gari. Ameliwasha ndio apate baridi."

Watu wakaangua kicheko. "Mnaona?" mwakilishi akasema. "Bwana anachoma mafuta ya Mwarabu ndio atufundishe hewa safi!" Niliposimuliwa nilicheka pia. Jamaa alinipata, hakuna ubishi.

Mke wangu hakucheka. Aliishika ile maikrofoni.

"Mheshimiwa, huyo wa gari hana kura, ulimwambia mwenyewe. Mimi ninayo. Na huyu," akashika tumbo, "anatoka wakati wowote. Nikishikwa na uchungu usiku na jenereta imezima, nitatuma watu wakuamshe uje unishikie taa. Sema hapa mbele ya watu kama utakuja."

Wanawake wa nyuma wakadakia: "Sema! Utakuja?" Mwakilishi akaomba maji ya kunywa. Siku ya kupitisha mswada aliinua mkono kuunga mkono, uso umekunjamana kama mtu aliyemezeshwa dawa.

Tulisherehekea kwa soda, tena gari likiwa limewashwa. Lakini mswada kupita ni jambo moja, na sola kupanda juu ya paa ni jambo lingine. Mtoto hakuwa na muda wa kungoja zabuni.

Familia ya kafili ilikuwa imehamia Jeddah kwa likizo, nami nikiwa dereva wao. Nilikuwa nimetumwa keki mtaa wa Baghdadiya simu ilipolia.

"Ni msichana," mke wangu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mkunga alibana tochi kwa meno. Nilivuja damu nyingi, na hakuwa anaona vizuri inatokea wapi. Nilidhani nakufa, baba watoto."

"Na sasa?"

"Sasa niko. Ananyonya." Akapumua. "Huyu naye atapata kadi ya kura siku moja. Utakuwa umerudi?"

Nikalia pale mlangoni pa duka la keki, mchana kweupe, watu wakinipita. Simu yangu ya pili, ile ya kazi, ilikuwa inalia mfukoni, madam akitaka keki yake haraka, yalla, yalla, nami nikaiacha ilie.