Mustangi Iliyofuturisha Mpendae

Wenzangu wakisikia mzinga wa magharibi, ule wa kufungulia saumu, wanashika tende, mimi nashika uso. Basi leo nasema mwenyewe, maana mkasa huu mmeusikia kwa Haji wa barzani kwetu, na Haji ukimpa dagaa mmoja anakurejeshea papa. Ni kweli, mimi ndiye niliyewafuturisha watu wa Mpendae jua halijatua. Lakini lawama si zangu peke yangu, nusu ni za gari iitwayo Kamaro.

Ilikuwa Ramadhani, mwishoni mwa miaka ya sitini, na barza yetu ya Mkunazini ilikuwa imegawika mapande mawili. Barza za wenzetu ziligombana kwa mpira, sisi tuligombana kwa magari ya Kimarekani ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyagusa (wala kuyaona, tukisema kweli). Kaka yake Haji alikuwa baharia, akirudi safari anamletea majarida ya picha za rangi, na Haji anatufasiria Kiingereza chake pamoja na nyongeza. Mimi nilikuwa mtu wa Mustangi. Mustangi ilitoka mwaka ule ule wa Mapinduzi, watu wakaigombania kama kaimati za jioni, wapinzani wakakaa miaka miwili wakipika jibu, ndipo wakatoa Kamaro. Na Haji alikuwa Kamaro mpaka kwenye uti wa mgongo.

"Wenyewe walioitengeneza waliulizwa Kamaro maana yake nini," alikuwa akisema, na hakuna siku aliyoacha kusema. "Wakajibu, ni mnyama mdogo mkali, chakula chake Mustangi."

"Na mashindano ya mbio ya miaka miwili ya mwanzo kachukua nani?" namuuliza.

"Na hii miwili ya mwisho kachukua nani, yakhe? Mnyama keshakula, keshashiba."

Ilikuwa kweli, na kushindwa ndani ya Ramadhani kunauma zaidi maana huna hata kikombe cha kahawa cha kujiliwaza nacho.

Sasa, mimi gari nilikuwa naendesha. Si Mustangi. Ni Zefa kuukuu ya ami yangu Khamis, teksi, yenye silinda sita na mbili katika hizo zilikwishastaafu. Lakini Zefa na Mustangi zimetoka kampuni moja, kwa hiyo nikatangaza barzani kwamba hao ni ndugu, baba mmoja mama mbali mbali.

"Ndugu gani huyo?" Haji akasema. "Ikipita hapa inakohoa kama bibi mwenye pumu. Wenzako silinda nane, zinanguruma! Mustangi maana yake farasi, isiyonguruma ni punda."

Barza ikaangua kicheko, na lile neno punda likaniingia mwilini likakaa.

Ingekuwa siku nyengine yoyote isingekuwa tabu. Lakini kesho yake nilikuwa nimeitwa kufuturu kwa Maalim Mbarak, mwalimu wa chuo cha Kurani huko Mpendae, nje ya mji, baba yake Zuwena. Ami alikwishapeleka posa yangu, na Maalim hakusema ndiyo wala la, alisema tu, "Mleteni afuturu nami nimtazame." Na macho ya Maalim yalikuwa mizani. Mposaji aliyenitangulia alikataliwa kwa kuingia nyumbani na mguu wa kushoto. Mimi Zuwena nilikuwa nampenda mpaka usingizi unanipaa, kwa hiyo mtu mwenye akili angevaa kanzu safi akaenda zake kwa miguu, taratibu, akisoma dua.

Mimi nikapeleka Zefa kwa fundi akaifungua sailensa, lile kopo la bomba la moshi linalomeza kelele. Nilitaka nikipita barzani wanisikie, basi, hilo tu, halafu niendelee na posa yangu.

Na walinisikia! Ile gari ilinguruma vichochoro vikaitikia, wazee wakasimama, na Haji akaja mbio akajitumbukiza kiti cha mbele. "Nnakwenda nawe," akasema, "mposaji haendi peke yake." Nikampakatisha bakuli la kaimati alizonipa mama, tukashika njia. Ilikuwa jioni ya vuli, wingu limetanda, huoni jua liko wapi, na huko Mpendae kila nyumba watu walikuwa wamekaa mbele ya futari zao wametega masikio, wanasubiri mzinga upigwe mjini.

"Kelele unazo," Haji akasema, "mshindo huna. Kamaro ina mshindo."

Madereva wanaijua hila moja. Gari ikiwa mwendoni unazima swichi, unakanyaga mafuta kidogo, halafu unawasha tena, na yale mafuta yaliyojaa kwenye bomba la moshi yanaungua kwa mkupuo. Gari yenye sailensa inasema puh. Yangu, kama nilivyokwambieni, haikuwa nayo.

Nikazima, nikakanyaga, nikawasha. Lahaula! Mshindo ule hata mimi mwenyewe niliinama. Kaimati ziliruka zikarudi bakulini (mbili hazikurudi), mbuzi akakata kamba. Kisha nikasikia mtoto anapiga kelele, "Mzinga! Mzinga ushalia!" na kutoka kila dirisha vikombe vikagongana na watu wakasema Bismillahi. Mimi, mjinga wa wajinga, nilidhani wanashangilia gari, nikawapungia mkono.

Haji ndiye aliyeelewa kwanza. "Yakhe," akaninong'oneza, "umewafuturisha."

Kabla sijamjibu, muadhini wa msikiti wa pale naye akaadhini.

Ilinipasa nisimame pale pale, nipande juu ya gari, niwapigie ukelele waache. Najua. Lakini gari ikajiendea yenyewe mpaka mlangoni kwa Maalim, naye amekaa kibarazani, tende moja mkononi na nyengine shavuni.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu, karibu. Mzinga ndio kwanza umelia, nawe huyo. Mtu anayejua wakati wa futari ndiye mtu wa nyumba."

"Maalim, huo mzinga..."

"Futuru kwanza. Kuchelewesha futari si suna."

Akanitia tende mkononi. Na hapo hapo, wallahi, wingu likapasuka nyuma ya mgongo wake na jua likatoa jicho, jekundu, zima, linanitazama mimi. Nikila, nimekula mchana wa Ramadhani kwa makusudi. Nikisema, kwaheri Zuwena. Nikabaki nimeishika ile tende. Haji yeye alikuwa kwenye sambusa ya tatu. Nikamkanyaga mguu, akanijibu kwa sauti ya chini, "Nnafuata jamaa."

Maalim alikuwa anamalizia bakuli la pili la uji wakati mzinga wenyewe ulipolia kutoka mjini, buu, wa heshima, wa serikali. Akaliweka bakuli chini.

"Huu wa pili?" akauliza.

"Ule wa kwanza ulikuwa Mustangi," Haji akasema, mdomo umejaa.

"Mustangi ndio nini?"

Basi nikasema yote, tangu Kamaro mpaka sailensa, na majirani wakawa wanakusanyika. Bi Mwanaidi wa nyumba ya pili alikuja na mwiko wake mkononi. "Nimefunga na miguu yangu ilivyovimba hivi," akasema, "leo unifungulie wewe kwa gari bovu!" Nilitamani ardhi inimeze.

"Na hiyo tende?" Maalim akauliza.

Nikafungua kiganja. Ilikuwa imepondeka. "Sikuila, Maalim. Nilikuwa najua."

"Mtaa mzima umeulisha mchana, wewe mwenyewe ukabaki na saumu yako?"

"Naam," nikasema, na sijapata kuona aibu ya kufunga kama siku ile.

Hapo ikatoka sauti nyuma ya pazia. "Baba, hata mimi sikula. Nlimuona kaishika tende haili, nkasema huyu ana jambo analijua."

Maalim akalitazama pazia, akanitazama mimi, kisha tumbo likaanza kumtikisika, na Bi Mwanaidi akaanza kucheka naye na mwiko juu. Hukumu ya Maalim ilikuwa hii: baada ya Idi watu wote wailipe siku ile kwa pamoja, futari iwe juu yangu, na nije bila ya gari. Posa tutazungumza hapo.

Nilikwenda, na masufuria nimeyapakia kwenye gari ya punda, na Haji (naye alikuwa analipa, na toba juu yake) akawaambia watu njia nzima kwamba ile ndiyo Mustangi yangu. Siku ile nilipewa Zuwena.

Tangu hapo sailensa siigusi, hata ya adui yangu. Na kila Ramadhani, miaka yote hii, mzinga ukilia Zuwena ananipa tende, ananitazama, ananiuliza, "Huo wako au wa serikali?" Nami sili mpaka nimuone yeye kaanza.